Dirisha Lililomkataa Mama Gerson

Kompyuta ilimkataa Mama Gerson tena, na safari hii kwa rangi nyekundu.

"Haiwezekani, mama," alisema Edward, karani wa vifurushi pale stendi ya Babati, bila hata kuinua macho. "Mfumo haukubali."

"Edward! Asubuhi umekunywa maziwa ya nani?"

"Yako, mama."

"Na mimi ni nani?"

"Mama Gerson. Sasa kitambulisho kinasema Bernadina, kifurushi kinasema Mama Gerson. Majina hayalingani."

Kifurushi chenyewe kilikuwa kwenye rafu nyuma yake: MAMA GERSON, SINGE, kwa kalamu nene. Ndani mlikuwa na gauni jeupe kutoka kwa fundi wa Arusha. Kesho binti wa Mama Gerson anapata kipaimara.

Najma, aliyeitwa kutengeneza printa na sasa ameinama nyuma yake, alisikia masikio yakiwaka. Dirisha lile la kwenye kioo cha kompyuta, lililokataa majina, lilikuwa kazi yake. Alijifundisha kuliunda kwa maktaba ya bure ya mtandaoni ya wanaoanza, vipande vya msimbo vilivyokwisha kuandikwa na wengine: unaandika mstari, dirisha linatokea, unaongeza mwingine, kitufe kinakaa. Rahisi kama kupanga vikombe kabatini. Bosi alipotaka majina yalingane na kitambulisho, Najma alijua fika kwamba hakuna mtu Babati anayemtumia mama wa watu mzigo kwa jina la ubatizo. Alinyamaza. Alishanogewa na ule wekundu wa onyo alioubuni mwenyewe.

"Edward, mpe mzigo wake."

"Kompyuta imekataa, Najma."

"Kompyuta ijue kukataa imekuwa nani? Nimekataa mimi, siku nilipokuwa na akili za kuku. Hebu sogea!"

Akakalia kiti cha karani, akafungua msimbo, akalifuta lile sharti. Akaweka kisanduku kipya, "Watu wanamwitaje?", na chini yake kitufe: "Namfahamu".

"Bonyeza."

"Bosi akiuliza?"

"Bonyeza, au kesho ukamkamue bosi maziwa ya chai."

Edward akabonyeza. Mama Gerson alikipokonya kifurushi, akachungulia gauni, kisha akamgeukia Najma taratibu.

"Kumbe dirisha ni lako?"

"Ni langu, mama. Nisamehe."

"Tangu asubuhi namchamba mtoto wa watu, kumbe mwenyewe umejibanza nyuma ya printa!"

Akaweka kifurushi mezani, akafunga khanga vizuri kiunoni, akaanza kumchamba yeye upya, neno kwa neno. Najma akasimama wima, akayapokea yote.