Mtu Mmoja Bado Yuko Chini

Bomba la mafuta lilipasuka meli ikiwa imetia nanga nje ya bandari, vikombe vya chai ya asubuhi bado viko mezani. Dizeli ikarukia mtambo uliokuwa wa moto, na chumba cha injini kikawaka. Injinia wa pili, mwanamke ambaye mabaharia wenzake walimwita Dada Spana, alipanda ngazi huku machozi yakimtiririka kwa moshi. Alidhani ndiye wa mwisho kutoka.

Sitahani, serahangi, msimamizi wa mabaharia, aliwahesabu watu, akarudia.

"Kijiko hayupo."

Kijiko alikuwa mfanyakazi wa kupaka mitambo grisi, baba wa mapacha, mtu wa utani asiyejua kununa.

Dada Spana alikimbilia chumba cha mitungi ya gesi ya kuzimia moto. Humo mlikuwa na kabati jekundu lenye vishikio viwili. Ukivivuta, gesi ya mitungi yote hushuka chumba cha injini na kufukuza hewa, moto ukafa kwa kukosa pumzi. Na mtu vilevile. Nahodha alishafungua kabati, simu sikioni.

"Sawa, mzee, naachia sasa hivi," alikuwa akimwambia mwenye meli, ambaye pia alikuwa baba mkwe wake.

"Usivute! Kijiko yuko chini!"

"Angekuwa hai angeshatoka."

"Nani kakwambia? Umeenda kumwona?"

"Moto ukifika kwenye matangi tumekwisha wote. Nipishe!"

Ndipo Dada Spana alipong'amua kwamba kulikuwa kimya. Mlango wa kabati ukifunguliwa, king'ora hutakiwa kulia kule chini ili aliyebaki atoke mbio. Hakikulia.

"King'ora kimefanywa nini?"

Nahodha aliangalia ukuta. Serahangi, aliyekuwa amefuata nyuma, akajibu kwa sauti ndogo: "Waya ulikatwa wewe ulipokuwa likizo, dada. Kilikuwa kinalialia hovyo, wageni wa tajiri wakashindwa kula kwa raha. Tukaambiwa kitatengenezwa."

Damu ilimchemka Dada Spana. Akajipenyeza kati ya nahodha na vishikio.

"Kwa hiyo ungemuua bila hata kumpigia honi! Fungeni matundu ya hewa, mwagieni maji kuta za matangi. Mimi namfuata. Nikishatoka naye, vuta mpaka uchoke." Akamgeukia serahangi. "Kaa hapa. Akigusa, mshike."

"Nimshike nahodha?"

"Mshike kama mwizi wa kuku."

Alivaa mtungi wa kupumulia, akajifunga kamba kiunoni, fundi umeme akaishika ncha ya juu. Alimkuta Kijiko amejifungia katika karakana ya hukohuko chini, tambara bichi usoni, viganja vimebabuka. Alikuwa amebaki nyuma kufunga valvu ya mafuta, kisha moshi ukamkatia njia.

"Umechelewa, dada. Nilishaanza kusinzia."

"Ukasinzie kwenu. Inuka!"

Walipotoka wakahesabiwa tena, milango ikafungwa, nahodha akavuta. Mitungi ikanguruma, na moto ukafa. Mitambo ile ilifanya kazi yake barabara, hilo hakuna aliyebisha.

Kesho yake mwenye meli alipanda na viatu vinavyong'aa, pamoja na mkaguzi wa bandari. Katika chumba cha kulia alimsifu mkwewe mpaka akakaukiwa mate, halafu akamkazia macho Dada Spana.

"Na wewe, ukaidi wako umetuunguzia kebo."

Kijiko alikuwa ameketi palepale, mikono imefungwa bandeji, akinyweshwa chai na mpishi.

"Kebo?" Dada Spana alisimama, kiti kikaanguka. "Huyu kaungua akifunga mafuta yako, na wewe unalilia kebo? Hata pole umeshindwa kumpa?" Akamgeukia mkaguzi. "Twende ukafungue kabati mwenyewe, uniambie unasikia nini."

Mkaguzi akaenda. Alifungua, akatega sikio, akafunga, akafungua tena. Siku hiyohiyo meli ikazuiwa kuondoka.

Wiki haikuisha Dada Spana akafukuzwa kazi kwa utovu wa nidhamu. Nahodha alihamishiwa meli nyingine ya baba mkwe wake, akiwa na cheo kilekile. Habari hiyo ilimkuta Dada Spana jikoni kwake akimenya vitunguu, akakipiga kisu mezani hadi mumewe akaja kuchungulia.

Mke wa Kijiko alipopiga simu kushukuru, alimkatiza.

"Usinishukuru, mdogo wangu. Haikupaswa mumeo agombaniwe ndipo atolewe mle." Kisha akauliza vidonda vinaendeleaje.