Kitufe cha Pembeni

Kwenye kiwanda cha mashine za kufulia, mwandishi wa vijitabu vya maelekezo alipewa meza karibu na choo. Mainjinia walimwita Dada Koma, kwa kuwa waliamini kazi yake ni kuweka koma tu. Wakimwona anakuja na maswali, jina lilifaa pia kwa maana yake nyingine.

Mashine mpya ilikuwa na kitufe cha pembeni, cha kufungulia mlango maji yakiwa bado ndani. Dada Koma alikijaribu mchana kutwa, akaandika alichokiona. Ukurasa ukajaa, ukafuata wa pili.

"Fupisha," akasema injinia mkuu.

"Nimeshafupisha."

"Andika tu: bonyeza inavyotakiwa."

"Inatakiwaje?"

Injinia mkuu akashusha pumzi, akaanza kueleza. Dada Koma akawa anachapa neno kwa neno, kisha akamsomea. "Sivyo," akasema yule, akaanza upya. Injinia wa umeme, aliyekuwa akinywa chai pembeni, akasema si hivyo pia. Ni lazima taa ya mashine izime kwanza. Wakabishana mpaka chai ikapoa. Kumbe kila mmoja alikuwa na kitufe chake kichwani.

"Twendeni nikawaonyeshe," akasema mkuu.

Wakashuka karakanani. Akabonyeza inavyotakiwa. Mlango ukafunguka, maji yakamjaa viatuni. Hakuna aliyecheka. Dada Koma akauliza kwa upole, "Na hii niiandike?"

Kitufe kikaondolewa, mlango ukatengenezwa ubaki umefungwa mpaka maji yaishe yenyewe. Kurasa zile zikabaki maneno mawili: Fungua mlango.

Mashine iliyofuata ilipofikiriwa, aliitwa kikaoni kabla hata mchoro haujaanza. Meneja akamtambulisha kwa wageni: "Huyu ndiye mtaalamu wetu." Injinia mkuu akamsogezea kiti kwa mkono wake. Dada Koma akainamia karatasi zake akijifanya anasoma, maana machozi yalikuwa yanamlengalenga.

Jioni, mama mkwe wake akataka kujua ameandika nini hasa mpaka akaheshimiwa hivyo.

"'Fungua mlango,' mama."

"Basi?"

"Basi."

Mama mkwe akatafakari huku akikunja nguo. "Ungeongeza 'tafadhali'."

Kesho yake Dada Koma alilifikiria hilo njia nzima ya kwenda kazini. Akaona hapana.