Mlevi wa Karata

Salvina alirudi kutoka bombani akakuta pembe ya dirishani iko tupu. Cherehani haikuwepo. Hakujisumbua kuuliza mwizi ni nani. Alitua ndoo, akakaa mlangoni kumsubiri mumewe, kama mtu anayesubiri habari za msiba anazozijua tayari.

Watu wa mtaa wa Kambarage walimjua Kamili kuwa dereva hodari wa lori la pamba. Masika barabara ya Geita ikigeuka tope, wenzake wakikwama, yeye alipita. Hakunywa pombe, wala hakuwahi kumwinulia mkewe mkono. Lakini nyuma ya bucha la Maduhu palitandikwa jamvi la karata, na kwenye jamvi hilo Kamili alishaliwa redio, baiskeli, na mabati ya nyumba waliyotaka kujenga kwao Ushirombo. Sasa cherehani, iliyowavisha watoto.

"Nilitaka kukomboa mabati tu," alisema aliporudi. "Mama Otmar, naapa..."

"Usiape. Viapo vyako vimenijaa mpaka hapa."

Katekista alishamwombea. Wajomba walishamweka kitako wakamtukana. Mganga alishamchanja chale. Kila mara Kamili alilia machozi ya kweli, na kila mara akarudi jamvini. Safari hii Salvina alianza kufunga nguo zake arudi kwa baba yake, Mzee Stanslaus. Kabla hajamaliza, Kamili akashikwa na tumbo, akawa hali, halali, anatapika tu. Moyo ukamshinda Salvina kumwacha hivyo, akampeleka zahanati.

Muuguzi Scolastika, mama mnene wa sauti ya taratibu, alikuwa amefanya kazi miaka mingi katika wodi ya wagonjwa wa akili. Alimpapasa tumbo, akamsikiliza, akagundua kwamba tumbo lilikuwa linabeba mzigo wa kichwa. Akavuta kiti.

"Ukiliwa, baba, unafanyaje?"

"Narudi kesho yake nikomboe."

"Na siku ukila?"

"Narudi vilevile."

"Dau ulilokuwa ukiweka zamani, bado linakutosha?"

"Hapana, mama. Dau dogo silisikii tena."

"Ukijizuia?"

"Nakuwa mkali. Mikono haitulii. Hata usukani nauona mzito."

"Na nyumbani unasemaje?"

"Nadanganya," alisema Kamili, na kwa mara ya kwanza hakuongeza kiapo.

Salvina alijikaza kusikia mahubiri. Hayakuja.

"Baba Otmar," alisema Scolastika, "kuna mlevi wa pombe, na kuna mlevi wa karata. Wewe unaumwa. Kidonge cha kukupa sina, ila nimeona watu wa namna yako wakipona. Kuugua hukukutaka, lakini kujitibu ni kazi yako, hakuna atakayekufanyia."

Wakirudi, Salvina aliwaza njia nzima. Siku zote aliamini kwamba mumewe aliwapenda wao kidogo na karata zaidi. Leo aliona kwamba mtu huyu alikuwa akizama mbele ya macho yake, naye alikuwa akimkaripia kwa kulowa.

Wakawa wanakwenda wote wawili kila wiki. Scolastika alichimba polepole mpaka akajua hamu ilikuwa inaanzia wapi. Haikuanzia kwenye tamaa ya mali. Ilimjia Kamili akitoka safari ndefu, peke yake kwenye kabini, akimkumbuka kitindamimba wao Justina aliyefariki kwa surua.

"Jamvini tu ndipo nilipokuwa namsahau," alisema. Salvina hakuwa amelijua hilo. Walilia pamoja mbele ya muuguzi, kilio ambacho msibani hawakukilia pamoja.

Mshahara sasa ulipokelewa na Salvina. Kamili alibadili njia ya kurudi nyumbani, asipite kwa Maduhu. Hamu ikimpanda, aliambiwa asishindane nayo peke yake: akae karibu na mtu, ashike jembe, aisubiri, kwani nayo hupanda kama homa na kama homa hushuka. Salvina alimwona akilima kipande cha bustani kisichohitaji kulimwa, jasho likimtoka, midomo imebana. Akaacha kazi zake, akachukua jembe lake, akalima pembeni yake.

Miezi ikapita. Kisha jioni moja Kamili akaingia, akasimama katikati ya chumba.

"Nimecheza leo. Nimeliwa saa ya mkononi. Nimetaka usikie kutoka kwangu."

Hasira ilimpanda Salvina. Ndipo alipotambua kwamba hakuna aliyemfumania mumewe. Alikuwa amekuja mwenyewe, na ukweli mkononi. "Kaa ule," alimwambia. "Kesho twende kwa mama Scolastika."

Scolastika aliuliza tu, "Kabla ya hapo kilikupata nini?" Ilikuwa siku ya kumbukumbu ya kifo cha Justina. Tangu hapo, kila mwaka siku hiyo Kamili hakuendesha lori. Walikwenda misa wote, wakashinda pamoja.

Siku moja Mzee Stanslaus, aliyewahi kumwita Kamili mwizi mbele ya ukoo, alikuja kutoka Ushirombo na wazee wenzake. Mwanawe Donatus alikuwa anaoa Geita. "Mkwe," alisema, "nataka ng'ombe wa mahari uwapeleke wewe."

Salvina, aliyekuwa akitenga ugali, alisimama na mwiko mkononi. Ilikuwa heshima ambayo mwanamume yeyote angeidaka kwa mikono miwili.

"Nashukuru, baba," alisema Kamili. "Nitaendesha. Ila nipe mtu wa kukaa nami. Njiani kuna minada, na minadani kuna karata. Mimi bado najitibu."

Wazee walitazamana. Salvina aliogopa watacheka. Lakini yeye mwenyewe hakuona aibu hata chembe. Aliona fahari iliyomjaa kifuani, kwani alijua maneno yale yalikuwa yamegharimu nini.

Mzee Stanslaus alimtazama mkwewe. "Basi nitapanda mimi," alisema.

Waliondoka asubuhi, wakwe wawili ndani ya kabini moja, ng'ombe wakilia nyuma. Waliporudi, mzee alishuka wa kwanza, vumbi tupu mpaka kwenye nyusi, akamwambia binti yake, "Wamefika wote. Na njia nzima mume wako alikuwa ananisimulia habari za Justina."