Mtoto Aliyeanguka Piramidini

Eduvina hakutaka kwenda. Wifi yake Zoraida ndiye aliyeng'ang'ania: Jumapili nzima mkae ndani kama kuku wanaoatamia, na piramidi ipo hapo hapo Lima, katikati ya maghorofa? Basi wakaenda, Nayda, binti wa Eduvina wa miaka minne, akirukaruka mbele yao kwenye manyunyu.

Jamani, lile si jengo la kuchezea. Ni mlima wa matofali mabichi, yaliyopangwa kabla hata Wainka hawajajulikana, na ndani yake wamelala watu. Mtembeza wageni ndiyo kwanza alikuwa anaonyesha walipofukuliwa watoto, na kusema wengine wengi bado wamo, Nayda alipoteleza akaporomoka mpaka chini. Hakulia. Alikaa kwenye udongo, macho yamemtoka.

Kwao Ayacucho, kule milimani, mtoto akianguka mahali pa namna hiyo, mama hana mjadala. Anapiga ardhi kwa kiganja na kumwita hapo hapo, roho isibaki. Eduvina akainama, mkono tayari.

"We wifi!" Zoraida akamfinya. "Usituanzie ushamba wako hapa, watu wanatuangalia. Mpanguse twende."

Kweli watu walikuwa wanaangalia. Eduvina akaona haya, akampangusa mtoto, wakaondoka.

Nyumbani supu ya kuku haikuguswa. Nayda alikaa kitandani macho wazi. Ukimwita haitiki, ukimshika ni wa baridi. Kiburi chote kilimwisha Zoraida.

"Nenda kamwite, wifi," alisema huku anamsukuma mlangoni. "Nimekukosea, nenda upesi."

Eduvina alichukua sweta ya mtoto akakimbia kurudi piramidini. Geti lilikuwa linafungwa. Mlinzi, mzee wa huko huko milimani, aliiona ile sweta akaelewa.

"Pita, binti yangu. Lakini mwite kwa jina lake. Jina lake tu, unanisikia? Humu hayupo peke yake. Na ukiondoka usigeuke nyuma."

Ila uchungu wa mwana nao! Eduvina alipoitandaza sweta juu ya ule udongo, jina likagoma, kikatoka kilio. "Mwanangu! Mwanangu, njoo! Twende nyumbani, usibaki gizani!" Akalia hivyo tena na tena, mpaka sweta ikawa nzito mikononi. Akaikumbatia, akashika njia bila kugeuka. Nyuma yake alisikia nyayo ndogondogo, akamshukuru Mungu.

Alipomfunika Nayda kwa ile sweta, mtoto alivuta pumzi, akatabasamu, akaomba supu. Zoraida alilia kwa furaha, akakimbilia jikoni kumpakulia bakuli tele.

Nayda alilipokea bakuli, asile. Alikuwa anatazama mlangoni.

"Mama," akasema, "na hawa je? Wanasema na wao umewaita."