Mashine Iliyodai Injini ya Mashua

Jumanne moja ya Machi 1996, saa nne asubuhi, Lornah Awuor alikuwa anakompaili programu katika ofisi ya uokoaji wa wavuvi mjini Kisumu. Programu ilikuja kwa disketi sita, bado msimbo mtupu, maandishi ambayo hayajawa kitu. Kazi ya Lornah ilikuwa kuipa mashine ya Unix amri ya make na kungoja iyaunganishe maandishi hayo yote. Yakikubali, dirisha lingefunguka kwenye skrini na ramani ya ziwa, kila mtumbwi ukiwa nukta.

Mashine ilisaga dakika ishirini, ikasimama. Ilisema faili la vitufe halipo. Lornah alipiga simu Nairobi, faili likaletwa na basi la Alhamisi, akaliweka mahali pake, akaandika make tena.

Safari hii ilisimama mstari wa 90. "Kosa: Rosa hajapewa likizo tangu 1989."

Rosa alikuwa mfagiaji wa ofisi. Lornah alilisoma kosa mara mbili, akaona Kiswahili chake ni safi kuliko cha mtu yeyote pale kazini, akaenda kumwuliza mwenyewe.

"Nyar Katito, hiyo mashine imesema kweli," Rosa alisema, akimwita kwa jina la kwao, ufagio mkononi. "Mimi nilishachoka kuuliza."

Lornah alipiga chapa barua ya likizo, Mkurugenzi akaitia sahihi bila kuisoma, Rosa akaenda kwao wiki mbili. Mashine ikaupita mstari wa 90 bila neno. Mstari wa 131 ilitaka saa ya ukutani isogezwe mbele dakika kumi na moja, ikasogezwa. Mstari wa 212 ikagoma kabisa.

"Kosa: injini ya mashua ya uokoaji haipo. Iko Milimani, nyuma ya banda la kuku."

Wakoli, nahodha wa mashua hiyo, alisoma akiwa nyuma ya bega la Lornah. Kwa miaka miwili alikuwa anakuja kazini kila asubuhi, anavaa jaketi lake la kuelea, anakaa kwenye benchi mpaka jioni.

"Mimi niliambiwa imepelekwa service," alisema. "Hiyo kuku ni ya nani?"

Katika ofisi nzima, aliyekaa Milimani, mtaa wa wakubwa, alikuwa mmoja tu. Wote wawili waliutazama mlango wa Mkurugenzi.

Lornah alikuwa na miezi minane kazini, na mama yake huko Katito alikuwa ameshalitangazia kanisa zima habari za kazi hiyo. Hata hivyo alilichapisha kosa kwenye karatasi, akabisha hodi. Mkurugenzi, Bwana Absalom Ogola, alivaa miwani, akasoma hadi nukta ya mwisho.

"Hiyo injini inavuta maji ya kabeji," alisema, kama mtu aliyeulizwa leo ni siku gani. "Mama watoto ameanza kuuzia hoteli. Nikiitoa saa hii, shamba yote inakauka."

"Lakini Mzee, mashine imekataa kuendelea."

"Si wewe ndiye umesoma? Hakuna njia ya kuiambia iruke hapo?"

Njia ilikuwepo. Unaweka mkwaju, kile kistari cha mshazari, na nyota mwanzoni mwa mstari, nyota na mkwaju mwishoni, na mashine inaupita kama mtu anayempita shemeji aliyelewa sokoni. Lornah alitamani kusema haipo.

"Iko, Mzee."

Alirudi, akaziandika hizo alama nne. Wakoli aligeuza uso akatazama ukuta.

Programu ikakompaili hadi mwisho, dirisha likafunguka. Lakini kwa kuwa ilikuwa imenyimwa habari za injini, ilibidi ijitafutie namna nyingine. Saa tisa alasiri redio ya Usenge ilitangaza kwamba mtumbwi wa Opiyo unajaa maji. Kwenye ramani nukta moja ilianza kutetemeka. Lornah aliishika kwa kipanya, akaiburuta mpaka ufukweni, akaiachia.

Kesho yake Opiyo alifika ofisini kwa basi.

"Madam, asante sana," alisema. "Lakini mimi ni mtu wa Usenge. Mmenishusha Kendu Bay. Watu walikuwa wananipungia mkono njia yote."

Lornah aliomba radhi. Opiyo akaweka kidole kwenye skrini, mahali hasa anapofunga mtumbwi wake, Lornah akapatia alama.

Kufikia Juni, mitumbwi thelathini na mmoja ilikuwa imeburutwa. Wakoli alijifunza kipanya. Alikishika kwa mikono miwili, jaketi la kuelea likiwa limefungwa hadi shingoni. Ogola aliandikia makao makuu kwamba mashua haihitaji injini tena, akapewa barua ya pongezi. Mashine ilizimwa kila Ijumaa jioni, na kwenye fukwe zote likabandikwa tangazo: "Wavuvi mnaombwa mzame siku za kazi tu."

Enos wa Usenge alizama Jumapili. Jumatatu saa mbili asubuhi alikuwa mlangoni, kofia mkononi, akichuruzika maji. Rosa alimpa kiti, akaenda kuleta tambara la sakafu.

"Mimi sijui kusoma ile tangazo," marehemu alisema. "Nilikuwa nauliza tu. Hakuna mtu wa Sunday?"

Lornah aliingia kwa Mkurugenzi, akatoka.

"Anasema uandike barua, Baba."

Aliiandika yeye Lornah, Enos akimtajia maneno kwa mbali ili karatasi isilowe. Mwandiko ulitoka vizuri. Barua ikapigwa muhuri, ikawekwa kwenye faili. Enos aliambiwa arudi baada ya wiki mbili.

Alirudi siku ileile aliyopewa. Walimwambia Mkurugenzi yuko Milimani, anaangalia pampu.