Mto Lisk Katika Masanduku ya Kura

Jumamosi ile asubuhi, mwishoni mwa Mei 2014, ukumbi wa michezo wa makao makuu ya kaunti ulinuka chai iliyochemka mno na makoti mabichi. Makarani wa kura walikaa upande mmoja wa uzio wa chuma. Upande wa pili mawakala wa vyama waliuegemea, penseli mkononi, shingo zimenyooshwa. Kila karatasi inapokunjuliwa, wakala huona namba moja, yaani chaguo la kwanza la mpiga kura, imeandikwa kwa nani, akapiga mstari. Vyama vyote hupeana hesabu hizo, hata watu wasioamkiana kanisani, na kabla makarani hawajamaliza kupanga mafungu ukumbi mzima huwa umeshajua nani kapita. Hesabu hizo si rasmi. Ila watu wa huku huitilia shaka kengele ya kanisa kabla ya kuitilia shaka hesabu ya uzioni.

Attracta Gilhooly alisimama karibu na meza ya mikate, hali chochote. Alikuwa mwenyekiti wa baraza la mji wa Carrigalisk, na baraza lenyewe lilibakiza wiki moja ya kuishi. Serikali ilikuwa imeyafuta mabaraza ya miji nchi nzima kwa mpigo, mambo yote yakahamishiwa kaunti. Hata fedha za kujenga ukuta wa kuuzuia mto Lisk pale Mtaa wa Gati, ambazo baraza dogo lilizihangaikia miaka mingi, nazo zilikuwa njiani kwenda kaunti. Ukuta ungejengwa ikiwa tu Carrigalisk itapata diwani wake huko, na mgombea wa Carrigalisk alikuwa mmoja, Attracta. Asipopita, hakuna kinywa ambacho kingelitamka neno ukuta.

Shangazi yake Dympna aliishi Mtaa wa Gati. Januari iliyotangulia, mto ulipoingia, bibi huyo wa miaka themanini na ushei alilala juu ya meza ya chakula huku kitanda chake kikizunguka chumbani peke yake. Siku ya kuhesabu kura alikaa kando ya ukumbi na mabuti yake ya mpira, chupa ya chai mapajani.

Sanduku la kwanza la Carrigalisk lilipofunguliwa, mto ukatoka.

Maji yalikuwa ya kahawia na ya baridi, yakinuka mboji na dizeli ya gatini. Yalifurika mezani, yakapita chini ya uzio na kutanda uwanjani mpaka chini ya goli la mpira wa kikapu, karatasi za kura zikielea juu yake. Karani mmoja akaenda kutafuta dekio. Mwingine akaokota simu zilizokuwa zikichajiwa sakafuni. Mawakala walikunja suruali wakaendelea na kazi, tena kwa raha, maana karatasi zilikuwa zikiwapitia zimejikunjua zenyewe.

"Attracta!" akaita Mossie Culhane, mgombea wa pale makao makuu, aliyekuwa akikitaka kiti kilekile cha mwisho. "Umeleta wapiga kura wako wote mpaka samaki?"

"Samaki wangu wana akili, Mossie. Tangu wazaliwe hawajakupa kura."

Watu wakacheka. Jarlath Scally, muuza nyama aliyekuwa wakala wake, hakuinua macho kutoka kwenye karatasi yake. "Vyaelea vimeundwa, dada," alisema. "Hizo kura tumezitafuta mlango kwa mlango, mbwa wakitung'ata."

Vitu vingine vilikuja na maji: ndara moja, mfuniko, sufuria, na sanamu ya Mtoto Yesu wa Prague.

"Sufuria yangu hiyo," alisema Dympna. "Nipitishie, mwanangu. Na huyo Mtoto mshike taratibu, kichwa chake nilikibandika kwa gundi."

Karani aliichungulia sufuria kuhakikisha hamna kura ndani, kisha akampitishia juu ya uzio. Dympna akaikung'uta, akaiweka chini ya kiti.

Masanduku mawili ya Carrigalisk yaliyosalia yalikuwa vivyo hivyo. Kufikia saa sita mchana maji yalikuwa yamefika nusu ya muundi, na hesabu ya uzioni ilikuwa imekamilika. Attracta amepita. Mossie mwenyewe alimfuata akipiga maji kwa viatu vyake vya ngozi, akampa mkono.

"Umenibwaga, mama. Nimeandika kwa mkono wangu mwenyewe."

Hapo Jarlath na majirani wawili wakamnyanyua Attracta mabegani, kama afanyiwavyo kila anayeshinda. Alikuwa akicheka na kulia kwa pamoja.

"Shangazi! Ukuta!"

"Nimesikia! Wasiusahau mlango wa uani!"

Msimamizi wa uchaguzi, Bwana Lorcan Devane, alishika kipaza sauti. Suruali yake ilikuwa imelowa mpaka magotini na alisoma polepole, kama mtu asiyependa kurudia. Alisema kila karatasi halali hubonyezwa muhuri kituoni, mbele ya mpiga kura. Maji yameilainisha karatasi ya Carrigalisk na muhuri hauonekani hata kwenye moja. Namba zinasomeka vizuri, hilo alilikubali, kwa kuwa penseli haiogopi maji. Lakini sheria haitazami namba kabla ya kuuona muhuri. Kwa hiyo kura zote za Carrigalisk zimeharibika.

Mto uliotoka sandukuni haukuwa umemtoa mtu jasho. Haya maneno yalitupiga butwaa, sote, wa vyama vyote. Mwanamke mmoja aliyekuwa akikata mkate alibaki kisu kikiwa kimezama katikati. Attracta alikuwa bado yuko mabegani. Waliombeba hawakujua kama ni adabu kumshusha au ni tusi.

"Lakini Mossie mwenyewe kazihesabu!" Jarlath alifoka. "Muulize!"

"Nimezihesabu," alisema Mossie. Uso ulikuwa umemparama. "Kashinda, Bwana Devane. Mimi sitaki kuitwa mwizi."

"Hakuna aliyekuita mwizi. Mahakama ipo, kwa anayetaka, na kwa gharama zake."

"Mji mzima, Lorcan?" aliuliza Attracta kutoka kule juu. "Umefuta mji mzima? Mimi na wewe si tumesoma darasa moja?"

"Tumesoma. Naomba ushuke, Attracta. Watu wa nyuma hawauoni ubao wa matokeo."

Wakamshusha. Alisimama ndani ya mto. Alipokea chai aliyomiminiwa na shangazi yake. Watu wengi wanasema alilia. Hakulia, alikuwa kama mtu aliyerudi nyumbani akakuta kiwanja.

Mossie alipata kiti. Kusema haki, katika kikao cha kwanza cha baraza jipya alisimama akaulizia ukuta wa Mtaa wa Gati. Ofisa wa kaunti akamjibu kwamba kumbukumbu hazionyeshi kura halali hata moja kutoka Carrigalisk, hivyo haijulikani wakazi wake wanataka nini. Zaidi ya hayo, fedha za mafuriko zina kazi ya dharura. Sakafu ya ukumbi wa michezo imepinda, ni mali ya kaunti, na iliyoipinda ni mto Lisk. Hoja ya kuzipeleka fedha hizo kwenye sakafu ikapigiwa kura. Mossie naye alinyoosha mkono kuiunga, kwa kuwa ukumbi uko kwao, na alipounyoosha alikuwa akitazama meza.

Desemba mto ukaingia Mtaa wa Gati kwa mlango wa mbele. Wazima moto walimtoa Dympna kwa mashua, wakampeleka nyumba ya wazee iliyoko makao makuu. Kwa muda tu, aliambiwa.

Uchaguzi uliofuata, miaka mitano baadaye, masanduku ya Carrigalisk yalifunguliwa nje, kwenye maegesho ya magari, juu ya mfereji. Tangazo lilikuwa limetolewa mapema na mawakala walikuja na mabuti. Jarlath akapiga mistari, vyama vikapeana hesabu, Attracta akaonekana ameshinda tena, kisha Bwana Devane akatoka na mwavuli, akasoma maneno yake, akarudi ndani kwenye sakafu mpya. Safari hiyo hakuna aliyembeba mtu. Jarlath alikuwa akiumwa mgongo.

Siku moja kabla ya hapo, Dympna alikuwa amepiga kura katika sebule ya nyumba ya wazee, ambayo sasa ilikuwa anwani yake. Alizipitia picha za wagombea kutoka juu hadi chini, akarudia.

"Attracta Gilhooly simwoni."

"Huyo hayumo, bibi," alisema karani. "Tangu mipaka ichorwe upya, yeye ni wa eneo la kule Carrigalisk."

"Najua ni wa wapi. Ni mtoto wa kaka yangu."

"Basi chagua mwingine. Wapo wengi wazuri."

Dympna alikaa na penseli mkononi mpaka mzee aliyemfuata akakohoa. Halafu akaikunja karatasi bila kuandika kitu, akaitia sandukuni. Ilikuwa kavu kabisa.