Sufuri ya Bomba

Jumatatu, tarehe tisa Juni. Kulikucha na manyunyu, na wingu zito lililokataa kupanda.

Mpima maji alifika maabara mapema, akainamisha kichwa kuomba kama kawaida yake, lakini maneno hayakumtoka. Juzi walimzika mtoto wa kaka yake, wa wiki sita, aliyegeuka buluu midomoni. Daktari alishuku naitreti, chumvi ya mbolea, kwenye maji ya kisima. Na kisima hicho alikipitisha mpima maji mwenyewe kuwa salama, mwezi wa Aprili.

Akapima upya. Kazi yenyewe haina makuu: unatia dawa kwenye maji, yakiwa na chumvi yanaiva rangi ya waridi, unaweka kichupa mbele ya taa ya mashine. Chumvi ikizidi, waridi hukolea, na mwanga unaopenya hupungua. Ila kwanza mashine huonyeshwa kichupa cha maji ya mvuke, yasiyo na kitu, yaliyotiwa dawa ile ile, ili ijue sufuri ni ipi.

Mashine ilisoma mara tano ya kiwango halali. Ndipo akakumbuka. Aprili maji ya mvuke yalikuwa yamekwisha, akakinga ya bomba kutengenezea sufuri. Vichupa vyote viwili viliiva waridi, hata kile cha sufuri. Akadhani dawa imezeeka. Na bomba la maabara hulishwa na kisima kile kile; mashine ililinganisha maji na maji yale yale, ikasema hakuna chumvi.

Mchana alikwenda kukifunga kwa kufuli. Waliokuja na ndoo aliwaambia pampu imeharibika.

Jioni alikuta watu bado wamekaa msibani. Mama yake alikuwa akimsema wifi, mama wa mtoto.

"Kuchemsha maji tu, mwanangu, kumekushinda?"

"Nilichemsha mara mbili, mama."

"Mara mbili. Labda kwa macho."

Shangazi akacheka puani. Mpima maji alijua kuwa kuchemsha hakuitoi chumvi ile, huikoleza tu. Akinyamaza, kazi yake ingesalimika, na wifi angebeba lawama maisha yake yote.

Akasimama. "Mama, mwacheni. Alichemsha kweli. Nilikosea mimi kupima, nikasema maji ni salama."

Kaka yake akainua kichwa taratibu.

"Nyote mashahidi, na Mungu ananisikia. Kesho nampelekea mkuu wangu barua, kisha napita nyumba kwa nyumba kwa wote wanaochota kisimani pale, niseme kosa ni langu. Wifi, ukitaka tutakwenda wote, usikie kila neno."